Israfu ya Chakula, na Njia ya Tonge la Nyama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika Surat Abasa Mwenyezi Mungu anamtaka mwanadamu akitazame chakula chake: mvua ilivyoteremka, ardhi ilivyopasuka, nafaka na matunda yalivyoota, hata malisho ya wanyama wake. Wengi wetu twaisoma sura hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha twakaa mbele ya sinia la biriani tusitazame kitu. Basi natushike tonge moja la nyama, tuifuate njia yake tangu mwanzo.

Tumchukue ng'ombe wa Kajiado, katika tambarare za Kitengela au pande za Gataka, pembezoni mwa Nairobi. Nchi hiyo ni ya mifugo tangu zamani. Na hapo jirani na Kitengela, katika mji wa Athi River, ndipo kilipo kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950. Twaweza kudhani kwamba tonge letu limeanza kwa ng'ombe huyo. Sivyo. Limeanza kwa jua. Jani hupokea nuru, likatumia nguvu yake kufanya chakula kwa maji na hewa, likakua. Wala halihifadhi nyingi: katika sehemu 100 za nuru iliangukiayo, huweka kama sehemu 1, na mara nyingi haifiki hiyo. Hiyo ndiyo hazina ambayo kwayo huishi ng'ombe na punda milia, nyumbu na mchwa, simba na tumbusi, na sisi pamoja nao.

Kisha hazina hiyo hupungua kila inapopita kinywani. Ng'ombe hula majani, lakini yaliyo mengi hayawi nyama. Mengine hutoka mavi. Mengine huyatumia kwa kupumua, kwa kuutia joto mwili wake, na kwa kutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Mtaalamu wa Marekani, Raymond Lindeman, aliyefariki mwaka 1942 kabla hajatimiza miaka 27, alilipima jambo hili katika ziwa dogo la Minnesota, na wataalamu waliomfuata wakaweka kadirio la jumla: katika sehemu 10 za nguvu, hufika kwa mlaji kama sehemu 1 tu. Kwa mnyama mwenye damu ya moto kama ng'ombe, huwa pungufu ya hapo.

Wavuvi wetu hawatalishangaa hili. Bahari ina dagaa wasiohesabika, jodari wachache kuliko hao, na papa wachache zaidi. Kila anayekula aliyekula mwenziwe hukaa juu ya msingi mpana, naye hana budi kuwa mchache.

Na hapa pana hekima kubwa. Mwili hurudi: mavi huzikwa na dundu, majani makavu huliwa na mchwa, mzoga huoza, na udongo ukapata tena rutuba yake. Lakini nguvu ikishatoka kwa joto, hairudi kuwa chakula. Yataka jua jipya kila asubuhi. Rizki ya jana haitoshi leo. Kila siku sisi ni maskini mbele ya Mola wetu.

Asije mtu akasema kwamba twakataza nyama. Nyama ni halali, na ng'ombe wa uwandani hutufanyia jambo tusiloliweza: hugeuza majani tusiyoweza kuyala yakawa maziwa na nyama. Kuku wa bandani si hivyo. Chakula chake ni mahindi, soya na dagaa, vitu ambavyo mwanadamu angekula mwenyewe; na kuku wa nyama hula yapata kilo 2 za chakula kavu ili aongeze kilo 1 ya uzito, pamoja na mifupa na manyoya. Amtupaye kuku huyo ametupa na ugali wa jirani yake.

Tena tukumbuke kilichotokea majuzi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo katika nchi kavu za Kenya, na Kajiado ikiwa miongoni mwao. Majani yalipokufa, vyote vilivyosimama juu yake vilianguka. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini, na wanyama wa mwituni pamoja nayo. Na hata mvua inaporudi, malisho ya Kitengela hayarudi yote, kwani uwanda umekatwa viwanja na kuzungushwa nyua, na mnyama haifikii tena nyasi iliyo ng'ambo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji na malisho, akakataza kuzuia maji ya ziada ili malisho yazuilike. Wenye kununua ardhi huko, na wamo watu wa miji yetu, nawayapime haya.

Sasa turudi kwenye karamu zetu. Mtu hukopa ili harusi yake isisemwe. Hitima hupikiwa nyama ambayo mayatima wa marehemu ndio watakaoilipa. Watu wakiondoka, nusu ya masinia humwagwa jaani. Tuliomwaga si wali na nyama tu. Kila kilo ya nyama ilisimama juu ya kilo nyingi za majani, na mvua ya msimu, na miguu ya mchungaji. Mtume (S.A.W.) alituagiza tonge likianguka tuliokote, tuliondoe uchafu, tulile. Ikiwa tonge moja lina haki hiyo, sinia zima litatushitaki nini kesho?

Natupike kwa kadiri ya walaji. Kilichobaki kipelekwe kwa maskini kingali moto, si kesho kimechacha. Na mwenye deni asichinje kwa ajili ya kusifiwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutazama na kushukuru. Amin.