Utii Una Mpaka

Sifa zote njema ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, sheria ya nchi inatufunga kwa msingi gani? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 59, Allah anaamrisha atiiwe Yeye, Mtume na wenye mamlaka. Wafasiri wanatanabahisha: neno la utii limerudiwa kwa Mtume, halikurudiwa kwa watawala. Utii wao unategemea utii wa Allah.

Imamu Bukhari amepokea kisa cha amiri aliyewasha moto akawaamuru askari wake waingie. Walisita. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wangeuingia wasingetoka, na kwamba utii ni katika mema tu.

Hapa Gisenyi hili si somo la vitabuni. Mwaka 1994 serikali iliyoongoza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilihamia mji huu, hadi ilipokimbia Julai. Wengi walioua walisema waliamriwa. Nasi tusijitakase: Hassan Ngeze, mhariri wa Kangura, gazeti lililochapa "amri kumi" za chuki Desemba 1990, alikuwa mtu wa hapa, Mwislamu kama sisi. Lakini Waislamu wa Mabare waliwahifadhi Watutsi msikitini, wakashambuliwa pamoja nao.

Basi lipeni kodi, nendeni umuganda, heshimuni sheria. Fujo haijengi umma. Ila amri ikikutaka umdhulumu mtu, usiingie motoni. Suratul-Ahzab, aya ya 67, inatuonya: watakaosema siku hiyo kuwa waliwatii wakubwa wao, udhuru huo hautawaokoa.

Wabillahi tawfiq.