Nani Atamsimamia Huyu Binti?

Lori lililopanda mlima Kitonga na mzigo wa Tunduma likifika Ipogolo, hapa Iringa, huwa limechoka, na mafundi wa kando ya barabara wanalijua hilo kabla dereva hajashuka. Rejeta imechemka, au jani la springi limekatika. Dogo wa gereji anaingia uvunguni na spana. Fundi mkuu anachuchumaa pembeni, hashiki kitu, anauliza tu: "Umeona nini?" Dogo akikosea anaambiwa aangalie tena, hata kama dereva anafoka kwamba anachelewa mpakani.

Nawafikiria sana madogo hawa tangu binti wa jirani yetu arudi nyumbani na shahada ya uhandisi wa ujenzi kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), pale Iyunga. Tukikutana njiani ananipa shikamoo, halafu swali lake: "Baba, hujasikia wanapochukua watu?" Matangazo ya kazi yanataka uzoefu wa miaka mitatu, mengine mitano. Siku hizi anaanza kusoma mstari wa uzoefu kwanza, maana huko ndiko mlango unakofungiwa.

Tuwatendee haki waliotangulia. Nchi hii haikuwahi kudhani kwamba darasa peke yake linatoa mhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973, mafunzo ya viwandani na kwenye miradi yaliingizwa ndani ya masomo. Chuo cha Mbeya nacho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, chenye karakana kabla ya kuwa na majoho. Na Sheria Na. 15 ya mwaka 1997 haimruhusu mwenye shahada kujiita mhandisi mtaalamu siku anayotoka chuoni. Anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anafanya kazi chini ya mkubwa wake, ndipo anapofikiriwa kwa jina hilo. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikaanzisha mpango wa miaka mitatu wa kuwanoa wahitimu kazini, maarufu kama SEAP. Kwa maandishi, sioni cha kuulaumu.

Lawama yangu inakwenda kwenye kiti cha msimamizi. Kijana aliye kwenye mpango huo hujaza daftari la kazi alizofanya, na mkubwa wake analisoma na kulisaini. Nimewahi kuonyeshwa daftari lililosainiwa kurasa za miezi kadhaa kwa kalamu moja, na kwa haraka moja. Mwenye daftari alikuwa amepelekwa kutoa kopi, kununua vocha za wakubwa na kupiga picha za ugeni uliotembelea mradi. Mwishoni alipewa barua nzuri sana, yenye mhuri.

Miaka hiyo mitatu ni ya nini hasa? Chukua zege la kalavati. Binti wa jirani anaweza kukuchorea usiku wa manane uwiano wa saruji, mchanga, kokoto na maji, na kwamba maji yakizidi, zege likikauka linakuwa dhaifu. Hilo alilijibu kwenye mtihani. Sasa mweke kwenye mradi saa tisa alasiri. Wingu limekaa vibaya, vibarua wamesimama na makarai, na zege lililoletwa limelegea kwa sababu mtu ameongeza maji ili lichoteke kirahisi. Msimamizi wa mafundi, mtu wa umri wa baba yake, anamwambia kwa upole, "Mwaga tu, mwanangu, mvua hiyo." Kulikataa zege lile mbele ya watu wote, bila kumvunjia heshima mzee, na bila kukimbilia simu ya bosi, hilo hakuna mhadhara unaolifundisha. Anahitaji mtu aliyewahi kulikataa asimame nyuma yake, akae kimya, amwache akatae. Jioni ndipo wakae wazungumze alivyokosea na alivyopatia.

Wasimamizi wa namna hiyo wapo, sisemi hawapo. Wengi wao wana miradi mingi na muda mchache, na mwajiri hawahesabii kazi ile popote. Hapo ndipo linaponijia suala la wahandisi waliokwisha kusajiliwa, ambao Bodi inawataka waendelee kujifunza. Semina zina faida zake, na chai yake si mbaya. Lakini nadhani hakuna kitu kinachomrudisha mhandisi wa miaka ishirini kwenye vitabu kama mhitimu mmoja anayeuliza kwa nini unafanya hivi, na kwa nini si vile. Ningependa kumlea mhitimu kuhesabiwe kama kujiendeleza, tena kuwe na uzito kuliko kukaa ukumbini.

Halafu kuna fedha, ambayo hatupendi kuitaja. Binti alipata nafasi Dodoma, bila malipo "kwa kuanzia". Chumba, nauli, chakula na viatu vya kazini ni juu yake. Mtoto wa mwenye uwezo atavumilia mwaka. Huyu alikaa wiki kadhaa akipiga hesabu, akaahirisha. Kwa hiyo uzoefu tunaoudai kwenye matangazo unaanza kugawiwa kwa kuangalia mfuko wa mzazi, na hapo haijalishi tena nani alikuwa hodari wa hesabu.

Mradi wa barabara au daraja huwa na mchanganuo wa gharama wenye vifungu vingi: vipimo vya udongo, vibao vya tahadhari, hata gari la mhandisi mkazi. Kila mradi wa fedha za umma ungeweza kuwa na kifungu kimoja cha posho ya mhitimu, na jina la atakayemsimamia liandikwe kwenye mkataba. Mkandarasi atasema gharama itapanda. Gharama hiyo ipo tayari, na kwa sasa anayeombwa kuilipa ni mama wa yule binti, kwa nyanya za Ilula anazouza hapa barabarani.