Shahidi Asiyekuwapo

Tone la maji halikubali kupunguzwa. Ndege yenye urefu wa mita 52 utaipunguza kwa skeli ya 1:144 iwe sentimita 36, na magurudumu, madirisha, hata maandishi ya ubavuni yatafuata. Lakini ukiinyunyizia maji ili ionekane imenyeshewa, tone la milimita tatu litakaa juu ya bawa likiwa na upana wa karai, sentimita 43 kwa hesabu ya skeli ile. Unywele ukidondokea kiwiliwili chake unageuka kamba nene kama kidole. Haya nimejifunza kwa miezi kadhaa nikiwa na ndege ya Super VC10 ya plastiki, niliyoiunganisha kipande kwa kipande na kuipaka rangi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, nikitaka kuipiga picha moja tu: imesimama kwenye uwanja wa Dar es Salaam, mvua imekatika sasa hivi, jua limetoka. Madimbwi niliyatengeneza kwa vanishi, maana maji yenyewe yalikuwa yananiumbua.

Jambo la kwanza linalomsaliti anayepiga picha vindege ni kimo. Ukielekeza kamera chini kutoka sentimita 30 juu ya meza, umeitazama ndege kutoka mita 43 angani, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kusimama. Aliyesimama ardhini macho yake yako kama mita 1.6 kutoka kwenye nyayo, na hiyo ukiigawanya kwa 144 unapata sentimita 1.1. Nililazimika kuigeuza simu kichwa chini ili lenzi yake ikaribie kugusa ubao. Lenzi ndogo ya simu ina faida nyingine: inaona vizuri cha karibu na cha mbali kwa pamoja, ilhali lenzi kubwa ingeacha pua ya ndege iko wazi na mkia umefifia. Jicho likishaona kufifia kwa namna hiyo linajua kitu hiki ni kidogo, hata kama mwenye jicho hajui amejuaje.

Jua peke yake halina haja ya kupunguzwa. Taa ya mezani iko karibu mno. Kivuli cha bawa hutanuka, na pua hupata mwanga mwingi kuliko mkia. Jua liko mbali kiasi kwamba kwake ndege ya mita 52 na ya sentimita 36 ni mamoja. Hata ule ukungu mwembamba ulio pembezoni mwa kivuli hupungua kwa uwiano uleule wa ndege. Nilitoa meza uani saa kumi alasiri, nikaielekeza kwenye minazi iliyo mbali, ili minazi ya kweli iwe nyuma ya ndege ya plastiki. Dakika zile niliona kama nimeheshimiwa: jua lilikuwa likimulika kazi yangu kama linavyomulika kila kitu.

Kilichobaki nilikifanya kwenye kompyuta, na hapo ndipo fikra hii iliponianza. Nilidhani kuhariri picha ni kuongeza. Kumbe sehemu kubwa ni kuondoa, na kinachoondolewa ni ubora. Nilipausha mkia kidogo, kwa sababu hewa hupausha rangi kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Nilipunguza weusi wa matairi, nikatia masizi nyuma ya injini, nikafuta mstari wa gundi, kisha nikatawanya chembechembe kama za filamu ya zamani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoifanya ifanane zaidi na ndege. Yaliifanya ifanane zaidi na picha ya ndege, iliyopigwa na mtu aliyekuwa na kamera ya kawaida, aliyesimama mbali kidogo, labda mwenye haraka.

Tunaposema picha ni ya kweli kabisa, mara nyingi hatusemi lolote juu ya kitu kilichopigwa. Wengi wetu hatujawahi kusimama chini ya VC10, wala hatuna cha kulinganisha nacho. Tunasema kwamba tunaamini palikuwa na mtu pale. Zile sentimita 1.1 zilikuwa kimo cha mtu ambaye hakuwapo, na makosa yote niliyoyatia kwa makusudi yalikuwa makosa yake: macho yake kuchoka, mkono wake kutetemeka. Ndege sikuighushi, iko mezani, utaishika na kuipima uzito. Nilichoghushi ni shahidi.

Aliyelijua hili kuliko wote ni Wesley David Archer, Mmarekani aliyerushia Uingereza ndege za kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akafanya kazi ya kutengeneza vindege vya sinema. Mwaka 1933 kilichapishwa kitabu Death in the Air, shajara ya rubani asiyetajwa jina, chenye picha za mapigano ya angani ambazo hakuna aliyewahi kuona mfano wake: ndege zinagongana, nyingine inawaka, mtu anadondoka. Zililetwa na mwanamke aliyejiita Gladys Maud Cockburn-Lange, ikaelezwa kwamba mpigaji ni marehemu mumewe. Ndege zile zilikuwa vindege vilivyoning'inizwa kwa waya, waya zikafutwa kwenye picha. Wapo waliotilia shaka mapema, lakini ilikuwa 1984 watafiti wa makumbusho ya Smithsonian walipotangaza ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka 51.

Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu, na nakiri ni nzuri. Kosa silioni kwenye waya zilizofutwa, kwa maana hata mimi nimefuta. Naliona kwenye shajara, kwenye mjane, kwenye rubani aliyezuliwa na kuuawa ili asiweze kuulizwa maswali. Archer alikuwa amepigana kweli na kujeruhiwa; alikuwa na haki ya kusema "hivi ndivyo nilivyoona". Akachagua kumpa haki hiyo mtu asiyekuwapo. Mmarekani mwingine, Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, aliweka vigari vya skeli ya 1:24 mbele ya miti na barabara za kweli hadi ukaapa ni mji wa miaka ya hamsini, lakini alionyesha pia picha za meza yenyewe na yeye akiwa kazini. Ufundi ni uleule. Mmoja alimficha shahidi bandia, mwenzake alimleta mbele ya watu akasema huyu nimemtengeneza.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Ndege yangu inaitwa mfano wa ndege, na mfano ni neno lilelile la hadithi anazosimulia Yesu kwenye Injili. Hakuna anayeuliza mpanzi yule alikuwa na shamba wilaya gani. Mfano haudai kwamba jambo lilitokea; unadai kwamba ukiutazama vizuri utaona kitu. Tatizo la picha ni kwamba haina njia ya kusema "mfano wake ni huu". Isiposemewa, inajisemea yenyewe, na neno lake la kwanza daima ni: nilikuwapo.

Mimi sikuisemea. Niliituma kwa baba mdogo bila neno lolote. Miaka ya sabini alikuwa mpakiaji mizigo pale uwanjani, na ubavuni nilikuwa nimeandika 5H-MOG, ile VC10 iliyokuwa ya mwisho kabisa kutengenezwa. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 iliuzwa, ikaishia kuwa ndege ya kuzijazia nyingine mafuta angani katika Jeshi la Anga la Uingereza hadi 2013. Akapiga simu jioni ileile, sauti imebadilika. "Mwanangu, hii umeitoa wapi? Mimi naikumbuka siku hii. Mvua ilitukuta tunapakia, tukafunika mizigo kwa turubai."

Nilikuwa nimemtengeneza shahidi asiyekuwapo, na mbele yake akasimama aliyekuwapo.

Sikuweza kumjibu kwenye simu. Jumapili nilikwenda kwake na ndege ndani ya boksi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamwomba radhi kwa kunyamaza. Hakukasirika. Aliitoa kwa mikono miwili, akaigeuza tumbo juu, akaivuta karibu na miwani. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole chini ya kiwiliwili hadi ukanasa kwenye mstari mwembamba wa mlango wa mizigo, ambao mimi niliuona kuwa mapambo tu.

"Hapa," alisema. "Nilikuwa nainama hapa."

Akaniomba picha aisafishe aitundike. Niliiprinti, na nyuma yake nikaandika kwa kalamu: mfano wa plastiki, 1:144, uani kwetu. Aliyasoma maneno yale mara mbili, akaniomba kalamu, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: MASIKA 1974.