Umoja wa Lugha Hukaa Wapi?

Kidenmark na Kikurdi ni ndugu wa mbali. Zote ni za ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, moja ikiwa imechipuka katika tawi la Kijerumaniki la kaskazini na nyingine katika tawi la Kiirani, na udugu huo bado unasikika: nyota ni stjerne kwa Mdenmark na stêr kwa Mkurdi wa kaskazini, kaka ni bror kwa mmoja na bira kwa mwingine. Elimu ya ukoo huo yenyewe ina deni kwa Mdenmark, Rasmus Rask, aliyefariki mwaka 1832. Lakini ukoo si jambo linalonishughulisha hapa. Kinachonivuta kuziweka lugha hizi bega kwa bega ni hali zao zinazopingana. Kidenmark kina wasemaji wapatao milioni 6, kina Biblia kamili tangu 1550, kina dola kongwe na baraza la kusimamia tahajia. Kikurdi kina wasemaji zaidi ya milioni 20 katika Uturuki, Iran, Iraki, Syria na ughaibuni, na hakina dola yake yenyewe ya kukilea. Hata hivyo tunatamka kwa wepisi uleule kwamba hii ni lugha moja na ile ni lugha moja. Umoja huo tunaousema unakaa wapi?

Jibu linalokuja kwanza ni kwamba unakaa katika kuelewana: wanaoelewana wana lugha moja, wasioelewana wana mbili. Skandinavia inalivunja jibu hili bila shida. Norwei ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark hadi 1814, na Kidenmark ndicho kilichoandikwa huko kwa karne nyingi. Maandishi ya bokmål, yanayotumiwa leo na Wanorwei walio wengi, yametokana moja kwa moja na Kidenmark hicho. Msomaji wa Copenhagen hufungua gazeti la Oslo akalisoma bila mwalimu. Huku kwao nyumbani, lahaja za kale za Jutland zilikuwa zikiwatatiza watu wa mji mkuu kuliko lilivyowatatiza gazeti hilo. Skåne nayo ilitwaliwa na Uswidi kutoka Denmark kwa mkataba wa mwaka 1658, na usemi wa wenyeji, uliokuwa ukihesabiwa kuwa Kidenmark, baada ya vizazi kadhaa ukahesabiwa kuwa Kiswidi. Tena kuelewana huja kwa viwango, na mara nyingi huelemea upande mmoja: Mswidi husumbuka kumfuata Mdenmark anapozungumza kuliko Mdenmark anavyosumbuka kumfuata yeye. Kipimo kinachotoa jibu tofauti kulingana na nani anayesikiliza hakiwezi kutuambia lugha ni ngapi.

Basi wengi hukimbilia jibu la pili, kwamba lugha ni lahaja iliyobahatika kupata dola. Jibu hili linaonekana la kijasiri, na kwa Denmark linakaribia kutosha. Kwa Wakurdi ni jibu la hatari, nalo limewahi kuandikwa kuwa sheria. Sheria namba 2932 ya Uturuki, ya mwaka 1983, ilikataza kueleza fikra kwa lugha yoyote isiyokuwa lugha rasmi ya kwanza ya dola inayotambuliwa na Uturuki. Kikurdi hakikutajwa hata kwa jina; hapakuwa na haja. Kwa maneno ya sheria hiyo, Kidenmark kiliruhusiwa Diyarbakır, mji wa Wakurdi ambao labda haukuwa na msemaji wake hata mmoja, na lugha ya akina mama wa mji huo ikawa kosa. Sheria ilifutwa mwaka 1991. Kama umoja wa lugha ungekuwa zawadi ya dola, Kikurdi kingekuwa kimekoma au kimesambaratika, kwa kuwa kila kilichoweza kukigawa kilikuwepo. Mwaka 1932 Celadet Alî Bedirxan alianzisha jarida la Hawar mjini Damascus na kueneza hati za Kilatini kwa lahaja ya Kikurmanji. Wasemaji wa Kisorani, lahaja nyingine ya Kikurdi, huko Iraki na Iran, wakaendelea na hati za Kiarabu. Wakurdi wa Armenia ya Kisovieti walipewa Kilatini, kisha wakahamishiwa hati za Kisirili. Watu wa hati tatu, chini ya serikali kadhaa zilizowatazama kwa shaka, waliendelea kuyaita maandishi ya wenzao Kikurdi, hata yale ambayo hawakuweza kuyasoma.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Umoja wa lugha ni ahadi ambayo wasemaji wamepeana: kwamba neno la mwenzangu wa mbali, ingawa linanipa taabu, ni langu pia, na taabu ya kulielewa ni juu yangu kuibeba. Dola yenye shule na kamusi hurahisisha kuitimiza ahadi hiyo. Haiwezi kuitoa kwa niaba ya watu, wala kuifuta.

Mtu atasema kwamba nimeifanya lugha kuwa suala la hiari tupu, na kwamba kwa hoja hii kijiji chochote kinaweza kutangaza lugha yake. Sivyo. Ahadi huhitaji kitu cha kushikilia. Kikurmanji kimehifadhi jinsia ya nomino na Kisorani kwa sehemu kubwa kimeipoteza, tofauti inayogusa karibu kila sentensi. Lakini msamiati wa msingi na mifumo ya vitenzi bado inashikana kiasi cha kumlipa anayejitahidi kujifunza. Hiari hufanya kazi ndani ya mipaka ambayo historia ya sauti na sarufi imeiweka, na ndani ya mipaka hiyo huamua mengi.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka upande mwingine. Ahadi inaweza kugeuka kuwa amri. Wasemaji wa Kizaza, huko mashariki mwa Uturuki, huhesabiwa na wanaisimu wengi kuwa na lugha ya pekee. Wengi wao hujiita Wakurdi na kusema kwamba wanazungumza Kikurdi, na wengine hukataa kabisa. Mzalendo wa Kikurdi anayewaambia hawa wa pili kwamba hawaijui lugha yao wenyewe anarudia kosa alilotendewa yeye. Nikishikilia kwamba umoja ni ahadi, lazima nikubali matokeo yake yote: anayeahidi ni msemaji mwenyewe, na jibu lake la hapana lina uzito uleule wa ndiyo. Inawezekana basi Wazaza wawili wa bonde moja, wenye usemi uleule, wakawa wanasema lugha mbili kwa majina na wote wakawa wakweli. Ni matokeo magumu kuyameza, lakini nayachagua kuliko kumkabidhi afisa wa serikali au profesa mamlaka ya kuwaamulia.

Katiba ya Iraki ya 2005 inataja Kiarabu na Kikurdi kuwa lugha rasmi, bila kusema Kikurdi kipi. Wapo wanaoliona pengo hilo kama udhaifu, wakitaka Kisorani au Kikurmanji kitawazwe kwa wote, kama kwamba lugha haikamiliki mpaka ifanane na Kidenmark chenye tahajia moja na baraza moja. Wangeitazama Norwei badala yake. Tangu 1885 bunge lake linatambua maandishi mawili: lile lililorithiwa kwa Wadenmark na lile alilolisanifu Ivar Aasen kutokana na lahaja za mashambani. Kwa sura, la kwanza linakaribiana na Kidenmark kuliko linavyokaribiana na mwenzake. Wanorwei wamebishana juu ya maandishi hayo kwa zaidi ya karne, wakaandika kwa yote mawili, na watoto wa shule wanafundishwa kuyasoma yote.