Picha ya Bure, Jina la Nani?

Tangu 2009, Bing, mtambo wa Microsoft wa kutafutia mambo mtandaoni, hubadilisha picha ya ukurasa wake kila siku: leo mlima, kesho kasa. Anayejua kodi hahitaji hata kufungua ukurasa. Mistari michache inaiuliza seva, nayo inajibu kwa maandishi: anwani ya picha, maelezo, na jina la mpiga picha au wakala wake. Kodi nyingi huchukua anwani, zinapakua picha, basi. Jina linaachwa hapohapo.

Je, huo ni wizi? Utaambiwa mlango uko wazi. Sawa, ila mlango wazi unakuruhusu kuingia. Hausemi utoke na nini. Jibu la seva lenyewe lina sharti: picha ni ya kupamba kioo cha kompyuta tu. Kwa hiyo ukiiweka kwako, mimi sina neno. Kinachonisumbua ni lile jina. Kulihifadhi ni mstari mmoja zaidi. Picha ikishahama kwako kwenda kwa rafiki, na kwa rafiki wa rafiki, nani atajua ni nani aliyemvizia yule kasa? Kupewa bure hakukufuti deni la kumtaja aliyetoa.