Kichomi Ambacho Hakikuwa Kichomi

Kaa kwanza, mwanangu. Najua una haraka, lakini chai bado ya moto, na hili ninalotaka kukuambia lilinigharimu mwenyewe.

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 31, nakata mkonge hapa Kwashemshi. Tulikata majani, tukayafunga vitita vya majani 30, tukavibeba begani hadi kando ya njia. Miiba ilituchoma kila siku. Basi asubuhi moja nilipohisi ubavu wa kushoto unawaka, sikushtuka. Nikasema mwiba. Jioni nikasema mzigo. Kesho yake nikasema kichomi, nikanunua vidonge vya maumivu dukani, nikarudi shambani.

Siku ya nne nikavua shati nikaona malengelenge. Yalikuwa mafungumafungu, yenye maji, yamepangana toka mgongoni kuzunguka ubavu hadi karibu na kitovu, yakakomea hapo katikati. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Mkanda wa jeshi.

Ugonjwa huu huanza kuuma kabla macho hayajaona chochote, mwanangu. Ngozi inawaka, inachomachoma, au inakufa ganzi. Shati likigusa, unaruka. Unaweza kukaa hivyo siku mbili tatu, hata tano, ngozi ikiwa safi kabisa. Ukiona maumivu ya namna hiyo upande mmoja tu wa mwili, jichunguze kila asubuhi na kila jioni. Kipele cha kwanza kikitoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Iko dawa inayozuia kirusi kuzaana, inaitwa asaiklovia. Mtu mzima humeza mara tano kwa siku, kwa siku saba, na hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Vikitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au ncha ya pua, usisubiri hata kuche. Jicho linaweza kupofuka.

Mimi sikwenda. Nilijificha.

Miaka ile Ukimwi ulikuwa umetutia hofu sote, na ilijulikana kwamba mkanda wa jeshi huwatokea wengi wenye virusi. Watu wakageuza jambo hilo kuwa hukumu. Miezi michache kabla yangu, mwenzangu mmoja aliyetoka Kigoma aliugua mkanda shingoni. Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na yeye. Siku ile nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa chini ya mti mwingine. Hakusema neno. Mwisho wa mwezi alichukua mshahara wake akaondoka, na sikumwona tena.

Mkanda ulipofika ubavuni kwangu, nikaogopa watu wasinitende kama nilivyomtenda yeye. Nikafunga kitambaa. Mama alisema mkanda ukizunguka ncha zikakutana, mtu anakufa. Nikawa napima kwa vidole usiku, nalia kimya. Haukutani, mwanangu. Kila mshipa wa fahamu una eneo lake upande wake, na ugonjwa hufuata mshipa huo. Laiti mtu angeniambia.

Vidonda vilikauka baada ya wiki tatu. Maumivu yalibaki miezi minane. Nilikuwa silali, kwa kuwa hata khanga ya kujifunika iliniunguza. Maumivu hayo ya kubaki huwapata zaidi wazee, lakini na mimi kijana yalinipata. Kuna dawa za kutuliza maumivu hayo ya mishipa, nami sikuziuliza, kwa sababu nilikuwa bado najificha.

Utaniuliza mdudu alitoka wapi. Nilikuwa naye tangu utoto. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Tetekuwanga ikipona, kirusi hakitoki mwilini. Hulala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Kinga ikilegea, kinaamka. Uingereza alikuwepo daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Edgar Hope-Simpson. Miaka 16 alifuatilia kila mgonjwa wa mkanda katika eneo lake, wakafika 192, ndipo mwaka 1965 akaeleza kwamba kirusi hicho hujificha na kungoja. Nampenda mtu yule kwa subira yake. Mimi nilishindwa kusubiri foleni ya asubuhi moja.

Na kwa kuwa hakitoki, kinaweza kurudi. Wengi huugua mara moja tu maishani, lakini wapo wanaorudiwa, mahali palepale au pengine. Umri mkubwa hukiamsha, na magonjwa au dawa zinazodhoofisha kinga. Marekani watu wa miaka 50 na zaidi hushauriwa kuchanjwa dhidi ya mkanda, sindano mbili. Wewe kijana ukiugua mkanda, kubali kupimwa VVU. Wapo wanaougua bila kuwa na VVU, tena wengi. Na mwenye navyo, dawa za kuvifubaza zipo, bila malipo, anaishi na kulea wanawe.

Kwangu ulirudi baada ya miaka thelathini, pajani, mguu wa kulia. Niliutambua kwa ule moto wake kabla ya kipele. Kilipotokeza tu nikapanda bodaboda. Vidonda nikavifunika, nikamwambia mkaza mwanangu, aliyekuwa mjamzito, asifue nguo zangu, maana maji ya malengelenge humwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Yakishakauka hayaambukizi tena. Safari hii maumivu yaliisha pamoja na vidonda.

Siku ile hospitalini daktari aliniomba kipimo cha VVU. Nikanyoosha mkono. Nikakaa benchi kusubiri jibu, nusu saa hivi. Sikuwa nawaza jibu. Nilikuwa nautazama mti uliokuwa nje ya dirisha, na kivuli chake, nikijaribu kulikumbuka jina la baba yake yule mwenzangu, nipate pa kuanzia kumtafuta.