Utu Una Gharama

Waraka wa sera ya mambo ya nje uliotolewa na serikali ya Afrika Kusini mwaka 2011 uliufanya ubuntu, yaani utu, kuwa msingi wa diplomasia yake: taifa haliwezi kustawi ilhali majirani wanaangamia. Nchi ya Mandela, ambaye baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere aliubeba usuluhishi wa Burundi hadi mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ilikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini Mei 2008 watu zaidi ya 60 walikuwa wameuawa nchini humo katika mashambulizi dhidi ya wahamiaji, na ghasia zikarudi 2015 na 2019. Mara hiyo ya mwisho Nigeria ilisusia mkutano wa kiuchumi wa Cape Town, raia wake wakaanza kurudishwa kwao. Heshima iliyojengwa na mabalozi kwa miaka ilibomolewa mitaani Johannesburg kwa siku chache. Ndiyo maana naamini utu huipa nchi sauti ulimwenguni pale tu inapokubali kuugharamia, ikianza na mgeni asiye na kitu aliye mlangoni.

Tanzania iliwahi kuugharamia. Desemba 1965 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kuuzima utawala wa walowezi weupe Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Ilitoa ardhi Mazimbu, Morogoro, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, kikajenga shule. Atasema mtu kwamba hayo yalikuwa maslahi tu, kwani nani angependa kupakana na wakoloni? Lakini Malawi ya Banda nayo ilikuwa na maslahi, ikafungua uhusiano wa kibalozi na makaburu mwaka 1967. Maslahi hayakuilazimisha Dar es Salaam kuchagua njia ngumu.

Pingamizi zito ni jingine: serikali hiyo hiyo ya Tanzania iliweka watu kizuizini bila kesi na kuwahamishia wanavijiji kwingine kwa nguvu. Silikwepi. Mtu aliyechomewa nyumba yake hakufidiwa na sifa za nchi huko nje. Ila kosa hilo tunalitambua kwa kipimo kile kile cha utu, na kipimo hicho kinaigusa Pretoria leo. Desemba 2023 iliishtaki Israel mjini The Hague kwa ajili ya Wapalestina, nami naiunga mkono. Serikali hiyo hiyo iwatume polisi kwenye kliniki za umma ambako vikundi vya mitaani vimekuwa vikiwafukuza wagonjwa wa Zimbabwe na Msumbiji.